Mhesabu Matone

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mate.
Usicheke. Mwaka wa sitini na mbili, mjini Łódź,
nililipwa zloti mia tisa kwa mwezi
nikae nyuma ya kioo, penseli sikioni,
niandike: kengele, matone matatu.
Kengele, matone kumi na moja.
Kengele, na nyama haikuja:
saba, manne, mawili, kavu.

Profesa Wyrzykowski alitaka mbwa ajifunze kengele.
Kasztan akajifunza ndoo.
Ndoo ya bati ya Genowefa, mpiga deki wetu,
mpini wake ukilia kwi, kwi, kwi
kwenye ngazi za kushukia chini,
maana jioni zote, deki ikikauka, chakula hufuata.
Kabla sijagusa kengele
mate yalikwisha kulowesha mrija,
na daftari langu likawa la uongo.
Mpini upakwe mafuta, akaamuru Profesa.
Genowefa akaupaka.
Mbwa akajifunza harufu ya mafuta.

Tulikuwa na jike pia, Figa, asiyefaa kwa lolote.
Mchukuzi wa makaa alimpiga teke mara moja,
mara moja tu, tena kwa bahati mbaya,
naye akaanza kuogopa kila cheusi:
koti la Profesa, mwavuli, kanzu ya padri,
piano iliyofunikwa ukumbini.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Miezi minne tulimlisha soseji kando ya ile piano,
leo hatua moja karibu, kesho nusu hatua,
na siku aliyolala chini yake
Genowefa alilia, akasingizia sabuni.

Mumewe, Zdzisław, alifuma vitambaa kiwandani.
King'ora cha saa nne za usiku kikilia
mkono wake ulikwenda wenyewe kabatini:
birika, sukari, vikombe viwili.
Miaka ishirini na sita.
Novemba ile mapafu ya Zdzisław yalikataa,
yamejaa nyuzi kama mto wa kulalia.
Kiwanda hakikujua. King'ora kililia vilevile.

Akaja kwangu na ndoo yake isiyo na sauti.
"Wewe unahesabu vya mbwa," akasema,
"nihesabie na mimi."
Nikamchorea safu pembeni mwa ukurasa, kwa siri.
Asubuhi alipita, akaonyesha kwa vidole.
Jumatatu: vikombe viwili. Jumanne: viwili.
Jumatano: viwili, kimoja akakirudisha kabla ya kumimina.
Baada ya Krismasi mkono ulifika kabatini ukasita.
Februari: kimoja. Kimoja. Kimoja.
Nikadhani nimeona kitu kikifa kwa utaratibu,
mstari ukishuka hadi chini ya karatasi.

Machi tulimpumzisha Kasztan wiki mbili.
Aliporudi, kengele ambayo kwake ilikuwa maiti
ikalia, nayo matone matano
yakadondoka, toka wapi sijui.
Profesa hakushangaa hata kidogo.
Kilichozimwa, alisema akisafisha miwani,
hakijafutwa. Kimelazwa tu.

Kesho yake Genowefa aliinua vidole viwili.
Sura yake kama ya mtu aliyefumaniwa.
"Viwili. Na nilimimina. Na nilikoroga sukari yake."
Nilikuwa kijana, nilitaka kumwonea huruma,
kwa hiyo nikaandika mbili, kisha, mbele ya macho yake,
nikaifuta kwa kifutio.
Nikapuliza vumbi la mpira.

Alipitisha kidole pale palipofutwa.
Karatasi ilikuwa imebonyea bado,
mbili yangu ikisomeka kwa ngozi.

"Irudishe," akasema.
"Wewe umeajiriwa kuhesabu."

Chini, kwenye ngazi, mtu wa zamu nyingine
alikuwa akiburuta ndoo kavu,
na nyuma ya kioo
Kasztan alikwisha kusimama.